Alama ya Mkasi

Siku moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu, nayo si siku niliyomaliza ghorofa yangu ya kwanza, wala si siku niliyonunua lori. Ni siku niliyomfukuzisha msichana wa watu kwa ncha ya kalamu, na mimi moyoni nadhani namsifu.

Wanijua. Na kama hunijui, uliza. Toka Ziwa la Ng'ombe hadi Shanzu, ukiona nyumba ya mawe kuta zimesimama wima hata timazi inaona haya, sema hii ni ya Fundi Mbwana, na mara nyingi hutakosea. Baba hakuniachia shamba. Hakuniachia hata mwiko. Wa kwanza nilikuwa nauazima asubuhi nikiurudisha jioni. Shuleni niliingia nikatoka kama mtu aliyekosea nyumba: darasa la kwanza, la pili, kwaherini. Leo vijana waliosoma mpaka wakachoka waja kwangu kuomba kazi, nami nawapa. Utasema najivuna. Najivuna, ndiyo. Anayejisifia jasho lake hajamwibia mtu. Lakini hadithi hii haina sifa kwangu, na nakupa wewe kwa kuwa nimesikia kikundi chenu kitaletewa kijana wa kujitolea, na wewe ndiwe uliyechaguliwa kumsimamia. Kaa basi. Chai isipoe.

Ilikuwa miaka ya themanini, mimi kijana wa miaka ishirini na kitu, mabega kama mlango wa ghala. Hapa Utange kulikuwa hakuna zahanati. Mama akishikwa na uchungu, ama azae mikononi mwa Hawe Sidi, ama abebwe kwa baiskeli mpaka barabarani aombe Mungu gari ipite. Hawe Sidi alikuwa mkunga wetu. Hawe ni bibi kwa Kigiriama, na kila mtu alimwita hivyo, Mwislamu na Mkristo, kwa sababu nusu yetu tulitokea mikononi mwake. Yeye na wanawake wenzake wakaunda kikundi, wakachanga, wakanunua mawe ya kukata kutoka machimboni, wakaniita mimi nijenge.

Wakati huo serikali ilikuwa na mpango wa vijana waliomaliza shule: kabla hujaenda chuo, nenda kwanza ukalitumikie taifa, mahali usipozaliwa, pamoja na watu usiowajua. Kikundi kikiomba kijana, kinapewa, ila lazima kiwe na msimamizi anayejua kusoma, wa kujaza fomu za ofisi. Basi afisa mmoja akaja kutuona. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, habanduki na mafaili yake, hata wanawake wakambandika jina Bwana Faili. Akauliza mkutanoni, "Katika nyinyi, nani ajua kusoma na Kiingereza kidogo?"

Wanawake wakatazamana. Hawe Sidi akasema, "Mimi hapa sijui hata a." Akacheka, wala hakuona haya.

Mimi nikainua mkono.

Sijui hata leo nani aliniinulia. Kusoma kwangu kulikuwa namba za futi kamba na jina langu mwenyewe, basi. Lakini nilikuwa na gazeti. Kila siku nilitembea na gazeti limekunjwa mfuko wa nyuma, na mtu akinipa karatasi nimsomee, nasema, "Iweke, niko na saruji mikononi." Siku ambazo sina saruji mikononi nasema nimesahau miwani. Miwani sikuwa nayo, mwanangu. Sikuwahi kuwa nayo. Maji ya kifuu, bahari ya chungu: nami ndimi niliyekuwa chungu mwenyewe, najiona nahodha.

Tukaletewa msichana kutoka bara, Nekesa. Miaka kumi na tisa, mrefu, mkimya, anacheka kwa macho. Aliwekwa kwa Hawe Sidi. Alikuwa anangoja nafasi ya chuo cha uuguzi, na nafasi yenyewe ilitegemea ripoti: ukitumikia vyema unapokelewa, ukivurunda nafasi anapewa mwingine. Hilo alituambia siku ya kwanza, sio kwa kuomba huruma, ila tujue. Kwao alikuwa wa kwanza kumaliza shule.

Kiswahili chake, lo! Siku moja akaja pale tunapokoroga zege, ndoo kichwani, akasema, "Fundi, maji iko."

Nikamuuliza, "Ni ya nani?"

"Nini ya nani?"

"Hayo maji. Wasema maji iko. Maji yako? Kama ni yako, basi hatuyagusi, ni mali ya mtu."

Vibarua wakafa kwa kicheko. Yeye akaitua ndoo polepole, akasema, "Ya kwangu ndiyo. Na chakula pia iko, na ni ya kwangu. Leo mtakula Kiswahili." Tangu siku hiyo hakuna aliyemchezea. Akawa dada yetu. Alfajiri yuko kisimani, asubuhi yuko na akina mama anawapimia watoto uzani kwa mizani ya kuning'iniza, mchana yuko na sisi anasogeza mawe. Mikono ikamtoka malengelenge, akafunga kitambaa akaendelea. Nikamwambia, "Wee dada, pumzika." Akanijibu, "Fundi, mgeni siku mbili. Hii ni mwezi wa pili."

Basi mwisho wa mwezi wa tatu Bwana Faili akaleta fomu. Alikuwa na haraka, pikapu inanguruma nje. Akanionyesha: "Mstari baada ya mstari, Bwana Mbwana. Upande wa kushoto ni mazuri: bidii, kuwahi, adabu. Kulia ni mabaya: uvivu, kuchelewa, ukaidi. Kila mstari tia alama ya mkasi. Maelezo yote yameandikwa pale juu."

"Najua," nikasema.

Lile neno, mwanangu. Herufi tano tu.

Nikaketi juu ya rundo la mawe na kalamu. Sasa nisikilize hapa vizuri, kwa sababu ndipo shimo lilipo. Katika kazi yetu, jiwe linapoletwa kutoka machimboni, nyapara hulipitia. Jiwe zuri haliguswi. Jiwe lenye ufa au lililooza pembe, hulitia mkasi kwa mkaa, mistari miwili imepitana, maana yake limekataliwa, tupa kwenye kifusi. Na hata ule mwaka mmoja na kitu wa shule, mwalimu alikuwa akinitia mkasi hesabu nikikosa. Maishani mwangu mkasi ulikuwa na maana moja: hapana. Kwa hiyo mimi nikaufikiria uvivu, nikasema, Nekesa mvivu? Hapana, nikautia mkasi. Kuchelewa? Mkasi. Ukaidi? Mkasi mkubwa, nikaukandamiza mpaka karatasi ikatoboka. Upande wa mazuri nikauacha safi kabisa, kama jiwe la kona. Nikatia jina langu chini, kubwa, lenye mkia. Nikaona nimemfanyia wema usio kifani.

Juma la pili Bwana Faili akarudi, uso umebadilika. Ilikuwa asubuhi, saa nne hivi, wanawake wote wako kazini. Akamwita Nekesa mbele ya kikundi, akafungua faili, akasoma. Mvivu. Mchelewaji. Mkaidi. Kila neno lilikuwa jiwe. Akasema, "Kwa ripoti hii mpango hauwezi kumbakisha. Akusanye vitu vyake. Kule chuoni nitawaarifu kesho."

Wanawake wakapiga kelele. "Nani? Huyu?" "Lahaula! Aliyeandika hivyo ana wazimu!"

"Ameandika msimamizi wenu," akasema Bwana Faili, akaiinua karatasi, na jina langu likawa linaning'inia pale na mkia wake.

Nekesa akanigeukia. Hakulia. Akasema taratibu, "Fundi, nilikukosea wapi?"

Na mimi, mwanangu, nikanyamaza.

Nilielewa papo hapo. Nilipoiona ile mikasi yangu imeinuliwa hewani na Bwana Faili anaisoma kama ndiyo, nilielewa jambo lote toka msingi mpaka paa. Neno moja tu lilitosha: "Sijui kusoma." Lakini vibarua wangu walikuwa wamesimama pale. Wanawake walionichagua walikuwa wamesimama pale. Gazeti lilikuwa mfukoni. Nikatazama chini, nikakwangua mwiko ambao ulikuwa safi. Nekesa akaingia kwa Hawe Sidi akatoka na begi lake dogo, akapanda nyuma ya pikapu. Bwana Faili akasema atapitia Shanzu kwanza, kumwona kijana mwingine anayejitolea kule, ale chakula cha mchana, ndipo avuke kwenda ofisini kisiwani. Gari ikaondoka. Vumbi likatua.

Wanawake hawakunitukana. Afadhali wangenitukana. Waliniacha pale kama unavyoacha mkokoteni mbovu.

Hawe Sidi ndiye aliyekuja. Akakaa juu ya jiwe, akanyoosha miguu, akatafuna tumbaku yake. Nikamwamkia, "Shikamoo, Hawe," kana kwamba hatukuonana asubuhi.

"Marahaba. Miwani yako iko wapi, Mbwana?"

"Nimeisahau nyumbani."

"Nyumbani kwako nimeingia mara ngapi? Mamako nilimzalisha wewe na ndugu zako wanne. Miwani sijaiona." Akatema pembeni. "Mimi sijui kusoma. Na wewe hujui kusoma. Sote tuko sawa, ila mimi huuliza. Nilijua tangu ile siku ya mkono."

"Ulijua, na ukanyamaza?"

"Nilisema huyu kijana akizidiwa ataniambia. Hapo nami nimekosa, na kosa langu nitalibeba. Lako ni lipi?"

Nikamwambia yote. Jiwe zuri na jiwe bovu, mkaa na mwalimu. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia maneno ambayo nimejengea nyumba zangu zote juu yake:

"Miaka arubaini nazalisha. Nimeona wake wa wazee wa mji, nimeona mabinti wa masheikhe, nimeona wenye haya kuliko mwezi mchanga. Mficha uchi hazai, Mbwana. Watu husema hivyo kwa mzaha, mimi nimekuwapo. Ajifunikaye wakati wa uchungu humuua mtoto. Wewe leo umejifunika shuka, na anayekosa pumzi ni mtoto wa mwenzio. Amka."

Nikaamka. Nikachukua baiskeli ya muuza mikate, sikumwomba, nilimpigia kelele tu, nikaikanyaga mpaka Shanzu. Jua la adhuhuri, mchanga wa ile njia wakati ule ulimeza gurudumu nusu. Pengine nilibeba baiskeli kuliko ilivyonibeba. Njia nzima nilikuwa nasema peke yangu kama mwenda wazimu: sijui kusoma, sijui kusoma. Najizoeza. Hujawahi kuona neno dogo zito namna ile.

Pikapu niliikuta uani mwa nyumba alikowekwa yule kijana wa Shanzu, imeegeshwa kivulini. Nekesa yuko nyuma, begi mapajani. Hakuniangalia. Bwana Faili alikuwa barazani na watu kama sita, sahani ya wali mbele yake.

Nikasema, "Bwana, sijui kusoma."

Akashusha mkono. "Wasemaje?"

"Sijui kusoma. Nilikudanganya. Ile mikasi nilikuwa nakataa. Nilikuwa nasema si mvivu, si mchelewaji, si mkaidi."

Watu wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Jamaa, na gazeti mfukoni!" Nikalitoa, nikaliweka mezani. Nikasema, "Hili nalitumia kufungia misumari."

Lakini Bwana Faili hakucheka. Akanitazama sana. "Bwana Mbwana, kila nikimwondoa kijana, watu huja nyuma yangu kuomba. Huyu analia, yule anaapa. Nitajuaje kwamba leo ndipo wasema kweli na siku ile ulidanganya, wala si kinyume chake? Karatasi ninayo. Wewe wanipa maneno."

Haki yake. Aliyeng'atwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nikamwomba jambo moja: arudi nami Utange, ayaulize mawe.

"Niyaulize mawe?"

"Wallahi, mawe yatakwambia."

Sijui kwa nini alikubali. Labda kwa sababu mtu mwenye akili zake hawezi kutunga upuuzi kama ule. Tukarudi, mimi na baiskeli nyuma pamoja na Nekesa na begi lake. Njiani nilipoyumba kwenye kona alinishika shati nisianguke. Nikasema moyoni, huyu ndiye niliyemwandika mkaidi.

Tulipofika nikamnong'oneza Bwana Faili habari ya nyapara na mkaa. Kibarua wetu Karisa alikuwa peke yake anapanga mawe. Karisa alikuwa mtu mzima, kiziwi sikio moja, na asubuhi yote alikuwa machimboni, hakujua kilichotokea. Bwana Faili hakumwambia kitu. Alikuwa mwerevu kuliko alivyoonekana. Akaokota mkaa jikoni kwa Hawe Sidi, akalichagua jiwe zuri kuliko yote, la kona, pembe zake kali kama kisu, akalitia mkasi. Kisha akaita, "Mzee! Hebu nichukulie jiwe hili, liweke panapostahili."

Karisa akaja. Akalitazama jiwe, akaligeuza, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Akalibeba mpaka kwenye kifusi, akalitupa, puu! Akarudi anajifuta mikono.

"Mbona umelitupa?"

"Eti?"

"NASEMA MBONA UMELITUPA?"

"Si mmelitia mkasi, bwana?" akasema Karisa. "Nami nilionelea li zima. Lakini mwenye kutia mkasi ndiye ajuaye."

Hawe Sidi, aliyekuwa akichungulia jikoni na wanawake wenzake, akapiga kigelegele, mwanamke wa miaka sitini na ushei, na wote wakampokea. Bwana Faili akaketi pale pale kwenye mchanga, suruali yake safi, akacheka mpaka mafaili yakamwagika. Pumzi iliyonitoka siku hiyo, mwanangu, ungeweza kupepetea mchele. Alitoa fomu mpya. Safari hii alisoma neno kwa neno kwa sauti, Kiingereza kisha Kiswahili, mbele ya kikundi chote. Wao wakawa wanajibu, mimi nasikiliza, na yeye ndiye anayetia alama. Kule chuoni hawakuarifiwa kitu. Ile kesho haikufika.

Nekesa akashusha begi. Akapita mbele yangu, akasimama. Nikamwambia, "Dada, nisamehe. Nilinyamaza wewe ukiondoka. Mkasi ulikuwa ujinga, lakini kunyamaza kulikuwa kusudi."

"Nitakusamehe," akasema, "lakini kesho asubuhi, kabla ya zege, uje na mkaa."

Nikaja. Miezi iliyobaki, kila asubuhi, alinifundisha kusoma juu ya mawe. A kwenye jiwe hili, ba kwenye lile. Tulipojenga, herufi zilikwenda ukutani pamoja na mawe yake, zikafunikwa na lipu. Zahanati ile ukiibomoa leo, utakuta ndani yake darasa zima. Jiwe moja tu sikulipiga lipu: lile la kona la Bwana Faili. Nililiokota kifusini nikaliweka juu ya mlango, mkasi wake nimeuchonga kwa patasi usifutike. Umepita chini yake mara elfu, wewe ukabebwa kwenda kuchanjwa. Sasa wajua.

Alipoondoka alikwenda chuoni moja kwa moja. Mwaka uliofuata ikaja barua. Nilijifungia chumbani nayo. Ilikuwa na mistari mitatu, nami nilianza alasiri nikamaliza magharibi yaadhiniwa, lakini niliisoma mwenyewe, Mungu shahidi, sikumwomba mtu. Aliandika amefaulu mtihani wa kwanza. Aliandika niwasalimu Hawe na mzee Karisa. Na mwisho aliandika: *Huku maji iko, na ni ya kwangu.*

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, na sina nyingine. Juma lijalo watakukabidhi mtoto wa mtu. Watamwita wa kujitolea, nawe utadhani yeye ndiye anayepimwa. Sivyo. Kujitolea ni kuingia mlango wa watu mikono mitupu, na kumpokea mtu kama huyo ni amana, si msaada uliokuangukia. Usimfanye mtumishi kwa kuwa halipwi, wala usimfanye mgeni wa kukirimiwa mpaka akakosa kazi. Mpe jembe, kisha simama naye shambani. Wakikuletea karatasi usiyoielewa, sema siielewi, useme mbele ya watu, kabla kalamu haijagusa. Aibu ya kuuliza ni ya mchana mmoja. Na ukishakosea, maana utakosea, usingoje gari iondoke. Mimi Mwenyezi Mungu alinipa Shanzu karibu na baiskeli ya muuza mikate. Wewe huenda usipewe.

Nenda basi. Mola akupe mdomo mwepesi wa kusema sijui, na masikio ya kusikia jibu. Akuzungushie watu kama Hawe Sidi, wasiokuonea haya. Na kila mtoto wa watu atakayepita mikononi mwako atoke mzima, kama jiwe la kona, bila mkasi. Amin.